Mfereji Mmoja, Mashamba Kumi

1. Maji chini, kiu juu

Nchi ya Buha ni nchi ya vilima na mabonde. Mtu asimamapo juu ya kilima karibu na Mtabila, katika Wilaya ya Kasulu, huona vilima vikifuatana mbali sana. Kati ya kilima na kilima pana bonde, na katika mabonde mengi hupita kijito. Vijito hukutana vikawa mito. Mto Ruchugi huteremka hata Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi, ukaingia katika mto Malagarasi. Na Malagarasi huyapeleka maji hayo yote katika Ziwa Tanganyika.

Mvua za huku huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, zikaisha mwezi wa Aprili au Mei. Wakati huo mahindi na maharage hustawi vilimani, wala hakuna afikiriye habari za mfereji. Lakini toka Juni hata Septemba jua huwaka, majani hukauka, na shamba la kilimani halizai kitu. Hapo ndipo watu hushuka mabondeni kulima maharage, kabichi, nyanya na vitunguu, kwa kuwa udongo wa bondeni hukaa na unyevu. Walakini pembeni mwa bonde, hatua 100 tu juu ya kijito, udongo ni mkavu kama jivu. Maji yapita chini, na shamba lina kiu juu.

Jambo hili si dogo. Zamani za utawala wa kikoloni vijana wengi wa Buha walikwenda mbali, hata Tanga, kukata mkonge katika mashamba ya wageni, kwa sababu nyumbani hawakuona njia ya kupata fedha. Mtabila yenyewe ilikuwa kambi ya wakimbizi waliotoka Burundi, mpaka ilipofungwa mwisho wa mwaka 2012. Maelfu ya watu waliishi hapo kwa chakula cha msaada kilicholetwa kutoka mbali. Leo Jeshi la Kujenga Taifa lina kikosi chake mahali hapo. Basi watu wa nchi hii wameona kwa macho yao maana ya kuondoka kwao kutafuta riziki, na maana ya kungoja posho. Mtu awezaye kulima hata wakati wa kiangazi ana sababu chache za kuondoka, na sababu chache za kungoja.

Katika somo hili tutajifunza jinsi maji ya kijito yawezavyo kufika shambani, jinsi yapoteavyo njiani, na mambo ambayo Serikali ya Tanzania imeyaagiza ili wakulima wadogo wapate maji bila kudhulumiana.

2. Hesabu ya debe

Huenda mwanafunzi mmoja akauliza, “Kwa nini mkulima asichote maji kwa ndoo, akanywesha shamba lake?” Tumjibu kwa hesabu.

Siku za jua kali shamba lenye mazao huhitaji maji ya kimo cha milimita 5 hivi kila siku. Milimita 5 ni kitu kidogo. Ni kama unene wa penseli. Lakini maji hayo hayana budi kuenea shamba zima. Ekari moja ina meta za mraba 4,000 na zaidi kidogo. Ukizidisha, utaona kwamba ekari moja yataka lita 20,000 za maji kwa siku moja. Debe la kawaida huchukua lita 20. Basi ekari moja yahitaji madebe 1,000 kila siku! Hakuna mtu, hata awe na nguvu namna gani, awezaye kupandisha madebe 1,000 kutoka kijitoni toka asubuhi hata jioni, na kesho yake kuanza tena. Kwa ndoo mtu aweza kunywesha bustani ndogo ya mboga. Shamba la ekari moja haliwezi.

Mfereji ndio ufanyao kazi hiyo, kwa sababu maji hujichukua yenyewe. Mahali pa juu katika kijito hujengwa kizuizi kidogo, maji yakaingizwa katika mfereji. Mfereji hufuata ubavu wa kilima, ukishuka polepole kuliko kijito. Kwa hiyo kadiri uendavyo mbele ndivyo uzidivyo kuwa juu ya kijito, na mashamba yaliyo kati ya mfereji na kijito hupata maji bila ya mtu kubeba hata debe moja.

Je, twawezaje kujua kiasi cha maji ya mfereji mdogo? Tafuta mahali ambapo maji yote ya mfereji huanguka kutoka juu. Tia debe chini yake, na mwenzako ahesabu sekunde kwa saa ya mkono. Debe likijaa kwa sekunde 4, mfereji huo wapitisha lita 5 kwa kila sekunde. Huo ni mfereji mdogo sana, mtoto aweza kuuruka. Lakini maji yake hayalali. Kwa mchana na usiku mmoja hupitisha lita 432,000, yaani madebe 21,600.

Sasa shika jambo hili, maana tutalirudia. Mfereji wa udongo mtupu huvuja. Maji hunywewa na ardhi, hupenya katika mashimo ya panya na kaa, humwagika mahali palipobomoka. Si ajabu nusu ya maji kupotea kabla ya kufika penye mimea. Basi katika madebe yetu 21,600 yabaki 10,800. Ekari 10 zataka madebe 10,000. Mfereji wetu basi watosha ekari 10, na kubakiza kidogo tu.

3. Mama wa shamba la kumi

Hebu tufikiri habari za bonde moja, kama yale yaliyo pande za Mtabila. Wakulima kumi wamechimba mfereji kama huo tuliousema. Kila mmoja ana shamba la ekari moja kando yake. Shamba la kwanza li karibu na kizuizi, na shamba la kumi li mwisho kabisa. Shamba hilo la kumi ni la mama mjane mwenye watoto wanne. Amepanda maharage, naye amekwisha kupiga hesabu yake: gunia hili ni chakula, gunia hili ni sare za shule na madaftari.

Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mwaka wa pili, katika mwezi wa Agosti, maharage yalipoanza kutoa maua, maji yalipungua katika shamba la kumi. Siku ya tatu yalikatika kabisa. Maharage yakikosa maji wakati wa maua, maua hupukutika, na hata maji yakija baadaye hayarudishi maua yaliyoanguka.

Yule mama akawasha taa usiku, akaufuata mfereji kwenda juu. Alitazamia kumkuta mwizi ameuziba. Hakumkuta. Akamkuta jirani wa shamba la tisa akielekeza maji kwa jembe.

Akamwambia, “Baba, maji hayafiki kwangu.”

Akajibu, “Pole, mama. Mimi sikuyaziba. Nimechukua ya kunitosha tu.”

Akaenda kwa jirani wa shamba la nane, na wa saba, hata akafika kwa wa kwanza. Wote walimjibu kwa upole, na wote walisema neno lile lile: “Nimechukua ya kunitosha tu.” Wala hawakusema uongo. Lakini kila mmoja alikuwa ameongeza robo ekari katika shamba lake mwaka ule, kwa kuwa maharage yalipata bei nzuri.

Robo ekari ni kitu gani? Tupige hesabu. Watu 9, kila mmoja ana ekari moja na robo. Jumla yake ni ekari 11 na robo. Ekari hizo zataka madebe 11,250 kila siku. Mfereji wao wafikisha madebe 10,800. Basi maji yote yamekwisha kabla ya kufika shamba la kumi, hayakusalia hata debe moja. Watu husema, Haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini haba na haba pia humaliza kibaba. Hakuna aliyeiba shamba la yule mama, na shamba lake limekauka.

4. Jambo hili lilitokea Moshi

Msidhani kwamba hii ni hadithi ya kubuni tu, isiyotokea duniani. Chini ya mlima Kilimanjaro, karibu na mji wa Moshi, Serikali ya Tanzania ikisaidiwa na Japani ilijenga mradi mkubwa wa umwagiliaji uitwao Lower Moshi, nao ukamalizika mwaka 1987. Maji yake yalitoka katika mito ya Rau na Njoro. Mashamba yalisawazishwa, mifereji ikajengwa kwa saruji, na kiasi cha hekta 1,100 zikatengwa kwa kilimo cha mpunga. Wakulima wadogo wakafundishwa kupanda kwa mistari na kutia mbolea. Mavuno yao yakazidi tani 6 kwa hekta moja, na watu wakaja kutoka sehemu nyingi kuutazama mradi huo.

Lakini macho hayana pazia. Wakulima waliokaa juu ya mradi, kando ya mito ile ile, waliona faida ya mpunga. Nao wakachimba mifereji yao, wakafungua majaruba yao, wakayatumia maji kabla hayajafika katika mifereji ya saruji. Kila mwaka waliongezeka, na kila mwaka maji ya chini yalipungua, hata sehemu kubwa ya mashamba ya mradi ikakosa maji ya kupandia mpunga. Mifereji ya saruji ilikuwa mizima, lakini maji hayakuwamo.

Je, watu wa juu walikuwa wezi? Tufikiri vema kabla ya kujibu. Mito ile ilipita mlangoni kwao. Walipanda zao lile lile kwa bidii ile ile. Nao hawakuwamo katika mradi. Mashamba yaliyosawazishwa yalikuwa ya wengine. Kosa kubwa lilikuwa hili, kwamba maji ya mto mmoja yaligawanywa kana kwamba upande mmoja tu wa mto una watu. Fundi aweza kujenga mfereji kwa saruji, lakini mapatano ya watu hayajengwi kwa saruji.

Na jambo hili si la mfereji mmoja tu, bali hata mto mzima. Mto wa Ruaha Mkuu ulikuwa ukipita mwaka mzima katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, na sababu moja kubwa ni maji mengi yaliyotolewa huko juu, katika bonde la Usangu, kwa ajili ya mashamba ya mpunga. Viboko walibaki katika matope. Kila alimaye huko juu aliweza kusema, “Nimechukua ya kunitosha tu.”

5. Wazee walivyofanya

Watu wa kale waliijua hatari hii. Wachaga wamechimba mifereji yao, iitwayo mifongo, katika mitelemko ya Kilimanjaro tangu karne nyingi. Mfongo una wenyewe na una mzee wake. Siku ya kuusafisha, kila mwenye kutumia maji hana budi kwenda na jembe. Asiyekwenda hutozwa faini, au hunyimwa zamu yake. Wapare nao hujenga ndiva, yaani bwawa dogo la kulimbika maji ya usiku, ili asubuhi yafunguliwe kwa nguvu yafike mashamba ya mbali.

Na Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, katika Mkoa wa Arusha, yaonekana hata leo mifereji na mashamba yaliyojengwa kwa mawe, yenye kuenea kilomita za mraba 20 hivi. Wenyeji waliyaacha zaidi ya miaka 200 iliyopita. Mawe yao yapo. Wenyewe hawapo.

Kwa hiyo watu wa Afrika ya Mashariki hawakungoja kufundishwa kumwagilia. Lakini zamani watu walikuwa wachache, na watumiao mfereji mmoja mara nyingi walikuwa wa ukoo mmoja. Neno la mzee lilitosha. Siku hizi katika bonde moja wakaa watu wa koo nyingi na vijiji vingi. Huyu ni wa kijiji cha juu, yule ni wa kijiji cha chini, nao hawana mzee mmoja. Hapo ndipo yahitajika sheria ya nchi.

6. Sera na sheria

Sera ni njia ambayo Serikali huichagua kwa ajili ya jambo fulani: yaonyesha twataka kufika wapi, na nani atafanya nini. Sheria ni amri yenye nguvu ya mahakama. Sera husema, “Twende huku.” Sheria husema, “Asiyefuata, atahukumiwa hivi.”

Tanzania Bara ina hekta milioni 29.4 za ardhi ifaayo kumwagiliwa. Katika hizo, hekta milioni 2.3 zafaa sana, milioni 4.8 zafaa kiasi, na milioni 22.3 zafaa kidogo. Lakini kwa hesabu ya Serikali ya mwaka 2020, ardhi iliyokuwa ikimwagiliwa ilikuwa karibu hekta 695,000 tu. Maana yake, katika kila hekta 100 zifaazo, hazikufika 3 zilizokuwa zikipata maji. Wakulima walio wengi hutegemea mvua, na mvua haiulizwi.

Kwa sababu hiyo Serikali ilitoa Sera ya Taifa ya Umwagiliaji mwaka 2010. Kisha Bunge likapitisha Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji mwaka 2013. Sheria hiyo iliunda Tume ya Taifa ya Umwagiliaji, ambayo kazi yake ni kusimamia ujenzi na utunzaji wa miradi ya umwagiliaji nchini, na ikaanzisha mfuko wa fedha kwa ajili ya kazi hiyo. Katika Mkoa wetu wa Kigoma, kwa mfano, Serikali imeweka mpango wa kumwagilia kiasi cha hekta 3,000 katika bonde la mto Luiche, karibu na mji wa Kigoma.

Yako mambo manne ambayo mkulima mdogo yampasa kuyajua.

La kwanza: maji si mali ya mtu. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 yasema kwamba maji yote ya nchi ni mali ya umma, nayo yamewekwa chini ya Rais kwa amana ya wananchi. Mtu aweza kuwa na shamba kando ya mto. Mto hawezi kuwa nao. Mwenye kutaka kuchepusha maji ya mto kwa mfereji hana budi kuomba kibali cha kutumia maji kwa bodi ya bonde lake. Mito ya pande za Kasulu imo chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Kigoma. Nayo maji ya kunywa na kupikia hutangulia. Kisha maji ya kubaki mtoni ili mto usife. Ndipo yafuatapo maji ya mashamba na kazi nyingine.

La pili: wakulima watumiao mradi mmoja waungane katika chama cha umwagiliaji. Chama huandikishwa, huwa na viongozi waliochaguliwa, daftari ya zamu, na kanuni zake. Ugomvi wa maji ukitokea, hauamuliwi kwa panga bali kwa kanuni.

La tatu: kazi ni ya pande mbili. Serikali husaidia katika mambo yaliyo makubwa kuliko nguvu za wakulima, kama mabwawa, vizuizi vya saruji, mifereji mikuu na wataalamu wa kupima. Wakulima nao hutoa ada na nguvu zao, husafisha mifereji, na kutengeneza kilichobomoka. Mradi usiotunzwa na wenyewe hufa, hata ukijengwa kwa fedha nyingi.

La nne: mto hauna budi kulindwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza ndani ya meta 60 toka ukingo wa mto kazi za kudumu, na kazi ziwezazo kuuharibu. Wengine huona kwamba sheria hii ni ngumu, kwa kuwa udongo mzuri wa kiangazi ni huo wa kando ya maji. Ni kweli ni ngumu kwa mtu asiye na mfereji. Lakini hii ndiyo faida mojawapo ya mfereji, kwamba huyatoa maji na kuyapeleka kwenye ardhi iliyo mbali na ukingo, ukingo ukabaki na majani yake na miti yake.

7. Baraza la wakulima kumi

Turudi sasa kwa yule mama. Mavuno ya mwaka ule hakuyapata. Lakini hakunyamaza, wala hakuufuata mfereji tena usiku kwa jembe ili aubomoe. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti akawaita wakulima wote kumi barazani, pamoja na afisa wa kilimo.

Mkulima wa shamba la kwanza alisimama, mzee mwenye mvi, akasema, “Mimi ndimi niliyeanza kuchimba mfereji huu. Mlikuwa mkinicheka. Leo mwataka nipunguze shamba langu?”

Watu wakanyamaza, kwa maana alisema kweli. Ndipo yule mama akasimama, akasema kwa heshima, “Mzee, ulichimba mfereji, nasi twakushukuru. Lakini maji hukuyachimba.”

Afisa wa kilimo akawaeleza habari za sheria. Kisha akawachukua wote kwenye kizuizi, akalitia debe chini ya maji, wakahesabu pamoja: sekunde 4. Wakapiga hesabu ile tuliyoipiga sisi, na kila mtu akaona kwa macho yake mwenyewe jinsi robo ekari zilivyoyameza maji ya shamba la kumi.

Wakapatana hivi. Watawekeana zamu. Kila mkulima atapata maji yote ya mfereji kwa muda wa saa 12, na zamu zote kumi zitakwisha kwa siku 5. Katika zamu moja shamba hupata madebe 5,400; kwa siku 5 lahitaji madebe 5,000; basi yatosha. Kwa kuwa hakuna apendaye kunywesha usiku, aliyepata zamu ya mchana katika mzunguko huu atapata ya usiku katika mzunguko ujao, hata mzee wa kwanza. Robo ekari zilizoongezwa zitakaa bila maji mpaka mfereji utakapotengenezwa. Asiyefika siku ya kusafisha atatozwa faini, na faini itaandikwa katika daftari. Tena wakakubaliana kuandikisha chama na kuomba kibali cha maji.

Lakini jambo kubwa kuliko yote walilipata mwisho. Afisa aliwauliza, “Yako wapi yale madebe 10,800 yaliyopotea njiani kila siku?” Wakaufuata mfereji toka mwanzo hata mwisho. Wakaona mahali ambapo maji yalitoweka mchangani, na mahali ambapo ng’ombe walikuwa wameubomoa ukingo wakivuka. Wakaazimu kuziba mahali hapo kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, na kutia saruji kidogo penye kuvuja sana, na kuwatengenezea ng’ombe kivuko.

Hebu tupige hesabu ya mwisho. Kama upotevu ukipungua kutoka nusu kuwa robo, maji yafikayo mashambani ni madebe 16,200 kila siku. Wakulima wote 10, kila mmoja na ekari yake moja na robo, wahitaji madebe 12,500. Basi robo ekari walizozitaka zapatikana kwa wote, na yule mama pia, na maji yakasalia ya kurudishwa kijitoni kwa watu wa bonde la chini. Waliyoyatafuta kwa kumnyima mwenzao yalikuwa yakimwagika ardhini miguuni pao. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

8. Tahadhari

Mambo matatu tusiyasahau. Kwanza, maji yaliyotuama huzaa mbu waletao malaria, na katika maji yaendayo polepole hukaa konokono waletao kichocho. Kwa hiyo mfereji usafishwe majani, usiachwe na madimbwi. Watu wasikojoe wala kunya ndani yake au kando yake, na watoto wasiogelee humo. Pili, mvua ikishuka juu ya kilima kilicholimwa bila matuta ya kukinga maji, udongo huporomoka na kuujaza mfereji. Kwa hiyo atakaye mfereji safi bondeni na alitengeneze shamba lake kilimani. Tatu, miti ya asili iliyo kwenye chemchemi isikatwe, wala isipandwe mikaratusi mahali pake, kwa kuwa mti huo hunywa maji mengi.

Sera ya nchi ni njema, na sheria zake zina nguvu. Lakini Tume ya Umwagiliaji haiwezi kuweka askari katika kila mfereji usiku wa manane. Hapo aliyepo ni mkulima peke yake, na jembe lake, na maji yapitayo kwenda kwa jirani. Atakalolifanya saa ile ndilo litakaloonyesha kama mfereji utadumu.

MASWALI

1. Kwa nini udongo wa pembeni mwa bonde hukauka ingawa kijito kipo karibu?
2. Ekari 3 zahitaji madebe mangapi ya maji kwa siku moja ya jua kali?
3. Debe la lita 20 likijaa kwa sekunde 10, mfereji wapitisha lita ngapi kwa sekunde? Nusu ya maji ikipotea, yatatosha ekari ngapi?
4. Wakulima tisa walisema, “Nimechukua ya kunitosha tu.” Je, walisema kweli? Kosa lao lilikuwa nini?
5. Eleza kwa nini mashamba mengi ya mradi wa Lower Moshi yalikosa maji.
6. Kuna tofauti gani kati ya sera na sheria?
7. Taja mambo manne ambayo mkulima mdogo yampasa kuyajua.
8. Mzee wa shamba la kwanza alikuwa na haki gani? Mama wa shamba la kumi alikuwa na haki gani? Andika barua fupi kwa mwenyekiti wa kijiji, ukimshauri jinsi ya kuwapatanisha.
9. Pamoja na mwalimu wako, nendeni kwenye kijito au mfereji ulio karibu, mkapime maji yake kwa debe.